Karani wa mafaili ya watoto na amana yake

Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Matsangoni, barabara ya Malindi ikinguruma upande mmoja na upepo wa Uyombo ukinijia upande wa pili. Akaja binti wa jirani yangu, kijana aliyemaliza masomo yake ya chuo na ambaye mamake amekuwa akituomba sote tumwombee dua apate kazi. Akaniamkia, nikamwitikia, akakaa kimya.

"Ami," akasema hatimaye, "kazi nimepata, lakini naona haya kuitaja."

"Kazi gani hiyo, mwanangu, ya halali na ya kuonewa haya?"

"Ya kunakili mafaili ya watoto waliolazwa. Natoa neno katika faili hili, nalitia katika fomu ile, kutwa nzima. Wenzangu wananicheka. Wanasema hiyo si kazi, ni kupanguza vumbi kwa mshahara."

Nilicheka, lakini si kwa dharau. Nilicheka kwa sababu kazi hiyo hiyo niliifanya mimi nilipokuwa kijana, na hao wanaonijua kwa mashairi na kwa makala za ukurasa huu hawajui kwamba kalamu yangu ilianzia katika vumbi hilo. Nikamwambia akae vizuri nimhadithie. Na kwa kuwa yapo mambo katika hadithi ile yanayomhusu kila mzazi wa pwani yetu, nimeona niyaandike na hapa, ili msomaji naye apate fungu lake.

NUKTA YA BA

Ulikuwa mwaka 1997, mwaka wa mvua kubwa za El Niño, mvua zilizokata barabara na kuangusha nyumba za udongo. Mimi nilikuwa nimetoka madrasa na skuli nikiwa na mwandiko mzuri na mfuko mtupu. Mradi mmoja wa utafiti ulikuwa ukitaka makarani wa kusoma mafaili ya zamani ya watoto, na kuyadondoa yale yanayotakikana. Watafiti walitaka kujua: mtoto ambaye leo hasemi, au hatembei, au haelewi kama wenzake, alipatwa na nini alipozaliwa au alipolazwa? Jawabu lilikuwa limelala masijala, na sisi ndio tuliotumwa kwenda kuliamsha. Jina la hospitali na la mradi sitalitaja, na sababu yake msomaji ataiona mbele.

Asubuhi tulipewa orodha ya nambari. Tukaingia chumba kirefu chenye rafu hadi darini, mafaili yamefungwa kwa kamba ya mkonge, mengine yamelika na mchwa, mengine yamelowa mvua hadi kurasa zimegandana. Unalichambua faili lako, unatafuta: mtoto alizaliwa wapi, kwa uzani gani? Alilia alipozaliwa au alinyamaza? Alipata degedege? Alipoteza fahamu kwa muda gani? Kila jawabu lina kisanduku chake katika fomu, na kila kisanduku kina nambari yake.

Ilinibidi nijifunze lugha ya kalamu za waganga. Nilijifunza kwamba mtoto akishazaliwa hutazamwa mambo matano: rangi yake, mapigo ya moyo, uso unavyokunjana akiguswa, viungo vinavyojikunja, na pumzi. Kila jambo hupewa sifuri, moja au mbili, na jumla yake haizidi kumi. Hesabu hii aliibuni daktari wa Marekani, Bi Virginia Apgar, mwaka 1952, na mpaka leo ndiyo salamu ya kwanza anayoandikiwa mwanadamu duniani. Nilijifunza pia mizani iliyotoka karibu na kwetu, Blantyre huko Malawi, iliyotangazwa mwaka 1989 kwa ajili ya watoto waliopandwa na malaria kichwani. Mtoto akiumizwa kidogo na mkono wake ukaenda pale panapouma, ana mbili. Akilia kilio cha kawaida, ana mbili. Macho yake yakimfuata mamake, ana moja. Tano ndiyo uzima wa fahamu. Sifuri, msomaji, ni mtoto ambaye hata uso wa mamake hauoni tena. Ukurasa unaandika "0", na karani anaandika "0", kisha anafungua faili la pili.

Madrasa ndiyo iliyonifaa zaidi. Sisi tuliosoma kwa ubao na wino tunajua nukta ni nini. Ukiiweka chini, herufi ni ba, ukiipandisha juu, imekuwa nun, na maana yote imepinduka. Maalimu wetu hakuwa akikubali "karibu sawa". Alikuwa akikufutia mstari mzima ukaanza upya. Basi masijala nako ni vivyo hivyo. Mtoto wa kilo 1.8 si mtoto wa kilo 2.8. Yule wa kwanza amezaliwa dhaifu mno na ana hatari zake, huyu wa pili ni wa kawaida. Wino uliofifia katika tarakimu moja unaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja la wanadamu hadi jingine.

Tulikuwa na kanuni. Kosa halifutwi, hupigwa mstari mmoja ili lisomeke, ukaandika sahihi kando, ukatia jina lako na tarehe. Faili moja husomwa na makarani wawili, kila mmoja peke yake, kisha fomu zao hulinganishwa, na wakihitilafiana huitwa wa tatu. Wala hatukuambiwa ni mtoto yupi leo ana ulemavu na yupi ni mzima. Mwanzo nilidhani tunafichwa kwa kutoaminiwa. La hasha. Mtu akijua kwamba mtoto huyu ni kilema, atalisoma faili lake kwa macho ya kutafuta balaa, na balaa ataiona hata pasipo na balaa.

Kanuni iliyonishinda ni ile ya kisanduku kitupu. Kisichoandikwa katika faili, karani akiandike "9", maana yake haijulikani. Alasiri moja ya Ijumaa, nimechoka, fomu zangu zimejaa tisa, nikalikuta faili la mtoto lisilo na uzani. Nikamtazama katika karatasi zake nyingine, nikakisia, nikaandika 2.5. Nilijiambia kwamba nimesaidia. Juma la pili msimamizi akaziweka mbele yangu fomu mbili, yangu na ya mwenzangu. Yake imeandikwa 9. Akaniuliza kwa upole, "Hii mbili na nusu umeiona ukurasa gani?" Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha. Hakunifukuza, lakini nilikwenda nyumbani nikiwa mdogo kuliko nilivyokuja.

Usiku ule nilikumbuka habari tuliyosomeshwa chuoni, ya Zaid bin Thabit, Mungu amridhie, aliyekuwa mwandishi wa Mtume na aliyepewa na Khalifa Abubakar kazi ya kukusanya Kurani. Wapokezi wanasimulia kwamba Zaid, ambaye alikuwa ameihifadhi yeye mwenyewe moyoni, hakukubali kuandika aya mpaka iletwe imeandikwa na isimamiwe na mashahidi wawili. Anaijua, na bado anataka shahidi. Mimi sikujua, na nikaandika.

KARISA WA CHARO NA CHARO WA KARISA

Watu wa mbali wanaweza kudhani kwamba kumpata mtoto katika mafaili ni jambo rahisi, kwani si jina lake limeandikwa juu? Wao hawaijui pwani. Kwa ndugu zetu Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza humrithi babu yake jina, basi Karisa wa Charo atamzaa Charo wa Karisa, naye huyo atamzaa Karisa wa Charo, hadi kiyama. Na sisi Waislamu tusijione tumesalimika. Niliwahi kukuta mafaili saba ya Fatuma Ali katika mwaka mmoja, mawili ya kijiji kimoja. Aghalabu mtoto hulazwa kwa jina la baba, akarudi kliniki kwa jina la babu, na shangazi akimleta mara ya tatu akamwandikisha kwa jina la utani la nyumbani.

Ukimchanganya Fatuma mmoja na mwingine, hukukosea jina tu. Umempa mtoto mzima homa ya uti wa mgongo ambayo hakuugua, na yule aliyeugua umemfanya azibe masikio bila sababu.

Jingine ni tarehe. Mama zetu hawahesabu kwa Januari. Mmoja atasema alijifungua msimu wa kaskazi, mwingine siku ya gulio, jumwa, katika juma la Mijikenda la siku nne. Mama wa Kiislamu atasema, "Alizaliwa Mfunguo Mosi, na Mfunguo Mosi huu ametimiza miaka mitatu." Karani asiye mwenyeji huandika miaka mitatu. Lakini mwaka wetu wa mwezi una siku 354 au 355, umepungua siku kama 11 kwa mwaka wa jua. Katika miaka mitatu zimepotea siku 33, zaidi ya mwezi mzima. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto anayepimwa kama amekaza shingo, ameketi, amesimama dede au amekwenda tata kwa wakati wake, mwezi mmoja ndio unaomtenga anayeitwa mzima na anayeitwa amechelewa. Nilipomweleza msimamizi jambo hili, yeye ambaye si mtu wa dini yetu, alitoa kalenda mbili akaziweka pamoja ukutani, na tangu siku hiyo nikawa ndiye ninayeulizwa. Elimu ya chuoni haikuwa imepotea.

NAMBARI ZA KILIFI

Binti wa jirani akaniuliza swali lililokuwa likimkera. "Haya, Ami, tumenakili. Kisha nani anafaidika?"

Nikamwambia atazame hapa hapa alipokaa. Mwaka 1989 kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kilianza kazi katika hospitali ya Kilifi, na tangu hapo habari za watoto wanaolazwa pale zimekuwa zikiandikwa kwa utaratibu mmoja. Mwaka 2000 likaanza daftari kubwa la wakazi, ambalo watu wake hupita nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Eneo lake ni kilomita za mraba 891, lenye watu zaidi ya robo milioni, na Matsangoni yetu imo. Wale vijana wenye mifuko ya begani mnaowaona wakibisha hodi ndio makarani wa daftari hilo.

Katika eneo hilo watafiti waliuliza juu ya watoto 10,218 wa miaka sita hadi tisa. Walitumia maswali kumi yaliyotungwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya nchi zisizo na madaktari wengi, maswali ambayo mama yeyote anaweza kuyajibu mlangoni pake: Mtoto huyu alichelewa kuketi au kutembea? Anasikia? Anaona? Hupatwa na kifafa? Ukimwambia jambo anaelewa? Anasema maneno yanayofahamika? Waliotiliwa shaka, na baadhi ya wasiotiliwa, wakapimwa kwa makini. Matokeo yakatangazwa mwaka 2006: katika kila watoto 1,000, watoto 61 walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kifafa kilikuwa 41, akili 31, masikio 14, viungo 5, macho 2. Msomaji akijumlisha ataona zinazidi 61, na hilo si kosa la hesabu. Wako watoto waliobeba mizigo miwili au mitatu kwa pamoja.

Sitini na mmoja katika elfu! Hebu fikiri skuli ya watoto elfu, kisha uulize hao 61 wako wapi. Wengine hawako skuli. Wako uani, nyuma ya pazia, na mgeni akija hupelekwa jikoni. Kabla ya hesabu ile ilikuwa rahisi kila nyumba kudhani ni yao peke yao iliyoteremkiwa na jambo. Mmoja akisema nyuni, yule ndege wa mashetani anayedhaniwa kuwaletea watoto degedege, mwingine akisema jicho la jirani, wa tatu akisema mama alikwenda kinyume. Hesabu ikaonyesha kwamba miongoni mwa yaliyohusiana na kasoro zile ni masaibu yanayompata mtoto wakati wa kuzaliwa na siku zake za mwanzo. Hilo lilijulikana kwa kuuliza na kuandika, halikupigiwa ramli.

Na ziko hesabu zilizookoa watoto waziwazi. Kuna kidudu kimoja kinacholeta homa ya uti wa mgongo, ambacho mtoto akipona huweza kumwacha kiziwi au na akili iliyozimika. Chanjo yake iliingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2001. Je, ilifaa? Jawabu lilitoka hospitali ya Kilifi, faili kwa faili: katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano, waliougua walishuka kutoka 66 kwa mwaka hadi karibu 8, katika muda wa miaka mitatu tu. Watoto wanaosikia leo adhana ya misikiti yetu kwa sababu ya sindano ile hawawajui makarani walioandika. Wala si lazima wawajue.

Hata vipimo vyenyewe vimeanza kuvaa nguo za kwetu. Zamani mtoto wa kijijini alipimwa kwa vitu vya Ulaya ambavyo hajaviona maishani, akishangaa akaandikwa mjinga. Mtaalamu mmoja wa kike, Bi Amina Abubakar, pamoja na wenzake, alitengeneza hapa Kilifi kipimo cha kutazama viungo na mikono ya watoto wa miezi sita hadi 35, kinachoitwa kwa jina la Kilifi, na habari zake zikachapishwa mwaka 2008. Mtoto wa pwani akapata mizani iliyotengenezwa pwani.

SIRI YA FAILI

Sasa nifike pale ambapo nilimwambia binti asikilize zaidi. Alama za jambo hili nimezibadilisha, mji nimeuficha, na habari za mafaili zaidi ya moja nimezichanganya, hata mwenyewe akisoma asijitambue.

Katika mji mmoja wa njia hii alikuwako mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne, mwili umekakamaa, shingo haikai, maneno hayatoki. Huo ndio unaoitwa mtindio wa ubongo. Barazani ilisemwa kwamba mama ndiye mwenye makosa. Mtoto alipozaliwa macho yalikuwa ya manjano, na yeye, ilisemwa, alijifungia naye arobaini yake katika chumba cha giza, akahangaika na hirizi, akaenda hospitali maji yamekwisha mwagika. Ilisemwa hivyo mbele ya mumewe, na mumewe akaoa kwingine. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwapo barazani siku moja, na nilisema neno langu. Nilisema, "Wanawake wetu hawasikii." Watu wakatikisa vichwa.

Kisha siku moja masijala faili likaja mkononi mwangu.

Msomaji aelewe jambo kuhusu manjano. Watoto wengi huzaliwa wakawa manjano kidogo, ikaondoka. Lakini ikizidi, ile nyongo hupanda ubongoni ikauharibu, na hilo hutokea katika siku, si katika miezi. Dawa yake ya kwanza ni mwanga: mwaka 1958 madaktari wa hospitali ya Rochford, Uingereza, walitangaza kwamba mwanga huipunguza, baada ya muuguzi wao kuona kwamba watoto aliowatoa uani manjano yao yalipungua pale palipopata jua. Leo ziko taa maalumu. Lakini taa ni ya mtoto aliyepokewa.

Faili lilisema kwamba mama alikuja siku ya tatu. Imeandikwa saa. Imeandikwa kwamba alisema macho ya mtoto ni ya manjano na hanyonyi vizuri. Akarudishwa nyumbani na nasaha. Siku ya tano akarudi tena kwa miguu yake, na mtoto ameanza kukakamaa. Nilisoma mara mbili, kwa kazi. Mara ya tatu nilisoma kwa ajili ya roho yangu. Kisha nikaandika tarakimu zangu katika visanduku vyake, na katika fomu ile hapakuwa na kisanduku cha kuandika kwamba mama huyu amesingiziwa.

Nilikuwa nimetia sahihi kwamba nitakayoyasoma hayatatoka mdomoni mwangu. Siku hizo sheria ya nchi juu ya habari za watu haikuwako, ilikuja mwaka 2019, lakini amana ni amana kabla ya sheria. Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia nimekuta faili la mtu ninayemjua. Akalichukua akampa mwenzangu, akanikumbusha kwamba mwenye haki ya kuuliza ni mzazi, na wa kumjibu ni daktari. Mimi si mmoja wala si mwingine.

Juma lile barazani maneno yale yakarudi. Nikasema, "Nyinyi hamkuwako." Mtu mmoja akanigeukia, "Na wewe ulikuwako?" Nikanyamaza. Nikavaa viatu vyangu nikaondoka, na moyo wangu unagombana na ulimi wangu njia nzima. Ningesema, ningemsafisha mama mmoja. Kesho mama wengine mia wangesikia kwamba karani amesema yaliyomo, wasiwalete tena watoto wao, au wakiwaleta wasiseme ukweli. Ningenyamaza, nimeshiriki dhuluma kwa kimya.

Nililoweza lilikuwa moja, lile lililokuwa langu mwenyewe. Siku ya Idi nilikwenda kwao, nikasimama ukumbini, nikamwambia, "Dada, nimekuja kukutaka radhi. Niliwahi kukusema barazani jambo nisilolijua. Nisamehe."

Akanitazama muda, mtoto amemlalia pajani, anampanguza udenda kwa upande wa kanga.

"Nani hakunisema, kaka?" akasema. "Lakini wewe ndiye wa kwanza kuja." Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunihadithia: siku ya tatu, kituo, nasaha, siku ya tano. Nilimsikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Alipomaliza nikamwambia jambo ambalo kila mtu ana haki ya kuambiwa, kwamba mzazi anaweza kwenda kwa daktari akataka aelezwe yaliyoandikwa juu ya mwanawe. Akasema, "Ili nimwonyeshe nani?" Sikuwa na jawabu. Sijui kama alikwenda.

KALAMU ILIYOINULIWA

Sisi tumefundishwa kwamba kila mja ana malaika wawili waandishi, watukufu, wasiokosea tarakimu. Tumefundishwa pia kwamba kalamu hiyo imeinuliwa kwa watu watatu, wakiwamo mtoto mpaka abaleghe na asiye na akili mpaka apate fahamu. Basi mtoto kama yule kalamu ya mbinguni haimwandikii dhambi hata moja. Iliyobaki inayomwandika ni kalamu yetu, na kalamu yetu ndiyo inayohitaji kuchungwa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani si ya sala wala ya vita. Ni ile ya Sura ya Ng'ombe inayoamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa deni la pishi ya mtama lataka mwandishi mwadilifu, sembuse ubongo wa mtoto?

Kwa wazazi nina maneno mawili. Kadi ya kliniki na kile kitabu cha mama na mtoto msikitie chini ya godoro kikaliwa na panya. Ni ushahidi wa mwanao, na huenda ukawa ushahidi wako. Na arobaini iwe arobaini, lakini dirisha lifunguliwe. Manjano haionekani gizani. Macho ya mtoto mchanga yakigeuka rangi, au akiacha kunyonya, au akikakamaa, apelekwe siku ile ile, na ukirudishwa na hali haikubadilika, rudi tena bila haya. Na kwa wenzangu wa barazani nina moja: hatukuwako.

Binti alisikiliza mpaka magharibi ikakaribia. Akasema, "Basi kesho nitakwenda mapema, Ami." Nikamwandikia ubeti huu katika daftari lake, nao nauacha hapa kwa makarani wote:

Karani shika kalamu, andika yaliyo kweli,
Si wino tupu, ni damu, nambari nayo ni mwili,
Siri za wana Adamu, zifungie kwa kufuli,
Kesho mbele ya Hakimu, lasomwa lako faili.